Kisu cha Ukunga

Lugoba, 14 Septemba 1952

Kwa Shangazi Bi Mwaija,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine ya Majaliwa, anayesema mkono wake umechoka kushika randa, kwa hiyo nimwandikie mimi.

Tumefika na tumekaa. Nyumba ni vyumba viwili vya kukandika, na mwenye nyumba ni Bi Mosi, mjane wa Kikwere anayekaa mlango wa pili. Paa linavuja juu ya kitanda chetu. Majaliwa amehamisha kitanda akaliacha paa. Ndiye seremala uliyemlea huyo. Bagamoyo alikuwa akichonga milango ya matajiri, huku anachonga mipini ya majembe, tena wanamkosoa. Jana mzee mmoja amemrudishia mpini. Amesema nakshi zimezidi, yeye anataka kulima, haendi kuoa.

Samaki hakuna. Nazi zinakuja na lori la Bwanausi, nusu zimeoza, nami nazinunua hivyo hivyo kwa ukaidi.

Najua yanayosemwa huko, kwamba nimemtorosha mwana wa kaka yako. Sikumtorosha. Tumezika watoto wawili katika miaka mitatu, na kila baada ya matanga niliwasikia wanawake uani wakinong'ona kuwa nina nuksi. Aliyesema tuondoke ni Majaliwa, aliyefunga mizigo ni mimi, na hapana anayejuta.

Afya zetu njema. Mimi tumbo linanisumbua kidogo, ni maji ya huku.

Ashatu


Bagamoyo, 2 Novemba 1952

Kwa Ashatu, mke wa Majaliwa,

Marahaba zote mbili. Ya pili mpe mwenyewe, umwambie randa haimzuii mtu kumwandikia aliyemlea tangu ana miaka minne.

Nuksi sikukuita mimi. Waliokuita hivyo niliwatoa uani kwangu na vyungu vyao mikononi, na hilo hukuliandika. Wanao wote wawili walichukuliwa na dege, yule pepo wa watoto wachanga, na dege hachagui mlango. Nimepokea watoto wa mji huu miaka thelathini. Kisu changu cha ukunga ni cha mama yangu, naye alikirithi kwa mamaye, na kutoka hapa mpaka Zinga hakuna nyumba ambayo hakijaingia. Ninajua ninachosema.

Mina, wifi yako, ameolewa wiki iliyopita. Hamkuja. Watu waliniuliza mko wapi, nikasema mnaumwa, nikatenda dhambi kwa ajili yenu mbele ya sinia la pilau.

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mtarudi tu. Chumba chenu nimekifagia na hakuna aliyelala humo.

Shangazi yenu,
Mwaija


Bagamoyo, 18 Januari 1953

Ashatu,

Bwanausi lori lake lina breki, mdomo wake hauna. Amekaa kibarazani kwangu na kikombe cha kahawa, akasema, “Mkwe wako wa Lugoba kila safari ananiagiza udongo wa kula, tena anautaka ule mwekundu.” Kila safari! Kumbe hayo ndiyo maji ya huku!

Nilishukuru Mungu mpaka nikamwaga kahawa ya watu. Halafu nikakasirika. Mimba ya miezi sita, na mimi mkunga naipata kwa dereva?

Sasa nisikilize. Mwezi wa saba usikukute huko. Utapanda lori, utakaa mbele na mto mgongoni, na Bwanausi akirusha lori kwenye mashimo nitamjua mwenyewe. Utajifungua chumbani kwangu kama desturi, katika mikono hii iliyompokea mumeo. Kitovu cha mtoto kitazikwa chini ya mnazi ule ule kilipozikwa cha baba yake. Mtu ni wa pale kilipozikwa kitovu chake, na mjukuu wangu hatakuwa mtu wa Lugoba.

Mwaija


Lugoba, 1 Februari 1953

Shangazi, shikamoo. Ashatu haji. Mimi ndiye ninayemkataza. Ukikasirika, nikasirikie mimi. Kazi ni nyingi.
Majaliwa

Shangazi, shikamoo. Huyo hapo juu ni mwongo. Amenipa karatasi niifunge nikaisoma. Hakunikataza kitu. Siku tatu amezunguka banda la mbao akitafuta njia ya kukwambia bila wewe kunichukia, na hilo ndilo alilolipata, maskini.

Siji kwa sababu mimi mwenyewe sitaki kuja.

Ulinishika mara mbili, Shangazi, na ulinishika vizuri. Ulinikanda kwa maji ya moto, ukanipikia uji wa pilipili manga, ukalala sakafuni miguuni pangu. Sijasahau. Na mara zote mbili, siku ya saba, mtoto alikataa ziwa, taya likakaza, akakunjika mgongo, na siku ya nane tukamwosha. Huyu wa tatu simpeleki mahali kwa sababu ni desturi. Nitazaa hapa, na kitovu chake kitazikwa hapa.

Unasema unajua. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nawe Shangazi hukuzaa. Mwachie aliyezaa aamue.

Na hiyo tezi na omo, sisi hatukuja na chombo. Tulikuja na lori.

Ashatu


Bagamoyo, 15 Februari 1953

Ashatu,

Salamu sina.

Wa kwanza alifia mikononi mwangu, wa pili alifia mikononi mwangu, na wa tatu humleti. Basi mimi ni nani? Litamke neno lenyewe, usilizungushe kama mtu anayetafuta mlango gizani. Mchawi, siyo? Miaka thelathini watu wananiita usingizini nakwenda, mvua nakwenda, nina homa nakwenda, leo nimekuwa mchawi kwa mke wa mtoto niliyemlea!

Ati sikuzaa. Nani kakwambia? Uliuliza, au umeona tu hakuna anayeniita mama? Hilo sitalijibu kwenye karatasi.

Baba mdogo Mwishehe anakuja kukuchukua, Jumamosi ya kwanza ya Machi. Si ombi. Ukoo umekaa ukasema.

Mwaija


Lugoba, 10 Machi 1953

Shangazi, shikamoo, utake usitake.

Baba mdogo Mwishehe tumempokea kwa heshima zake zote. Alikula, akalala, akaamka akala tena. Kisha akaniambia nifunge mizigo. Nikamwambia mizigo niliifunga mara moja na imetosha. Akamgeukia Majaliwa. Majaliwa alikuwa amekaa kizingitini na randa mapajani. Akasema: “Baba, mlango huu nimeuchonga mwenyewe. Mke wangu atautoka kwa miguu yake, siku atakayotaka.” Sijawahi kumpenda hivyo. Baba Mwishehe akacheka, akaomba mipini miwili ya majembe, akarudi zake. Nadhani mipini ndiyo iliyomleta.

Mchawi sikukuita. Neno hilo umelileta wewe, na nikisikia mtu akikuita hivyo nitamrukia kabla yako. Ninachokiogopa ni kingine. Bi Mosi aliniuliza jambo moja, nikamjibu, akaniuliza tena lile lile, na tangu hapo sina raha. Bado sina hakika. Nikiipata nitakwambia waziwazi, hata kama hutaki kusikia.

Lile la kuzaa nililiandika kwa hasira. Hasira bado ninayo, lakini lile ningelifuta.

Ashatu


Bagamoyo, 6 Aprili 1953

Wifi yangu Ashatu,

Shangazi hajui kama nakuandikia. Karatasi nimeichana kwenye daftari la mume wangu.

Umemwandikia nini? Tangu Baba Mwishehe arudi peke yake, Shangazi hali vizuri. Amekitoa kile kisu cha ukunga, chenye mpini wa mpingo. Anakipaka mafuta ya nazi, anakivingirisha kitambaani, anakifukiza udi, kesho anakifungua tena. Nilisema nikioshe kwa maji ya moto, nimsaidie. Akanipiga kwenzi. Ati kisu cha ukunga hakiguswi na moto wala maji ya moto, makali yake hufa, na mwenyewe alionywa hivyo na mamaye.

Wifi, mimi nina mimba ya miezi minne, na Shangazi ameshanikanda tumbo akasema nitazaa mikononi mwake. Nilikuwa nafurahi. Sasa nakumbuka wanao, nakosa raha. Ulilolijua niambie na mimi, usiniache.

Mina


Lugoba, 23 Aprili 1953

Shangazi, shikamoo.

Amezaliwa juzi, Jumanne, adhuhuri, wakati wa mvua. Msichana. Barua haiendi popote, mto Ruvu umejaa na Bwanausi amekwama upande wenu. Naandika hivyo hivyo. Leo ni siku ya tatu.

27 Aprili. Siku ya saba. Majaliwa hajaenda bandani, amekaa mlangoni anamhesabia pumzi. Nimemwambia aondoke ananitia wazimu. Hakuondoka, nami sikutaka aondoke.

28 Aprili. Ananyonya.

2 Mei. Shangazi, leo ni siku ya kumi na mbili. Ana sauti kama ya mnadi samaki. Kitovu kimekauka, kimedondoka, kimezikwa chini ya mdimu wa Bi Mosi. Nimeshalia, nimemaliza. Sasa nakwambia.

Bi Mosi ni mkunga kama wewe. Nilipomsimulia habari za wanangu, jambo aliloniuliza ni hili: “Kitovu kilikatwa na nini, kikapakwa nini?” Nikamwambia kisu cha mama, na juu yake udongo wa nyumba ya nyigu uliochanganywa na mafuta, kama mnavyofanya wote. Akaniuliza tena lile lile. Baadaye akanieleza kuwa naye alifanya hivyo hivyo, akazika wajukuu watatu, wote siku ya saba na ya nane, wote taya limekaza, akisema ni dege. Halafu mabibi wa zahanati wakawaita wakunga wakawafundisha. Siku hizi anachemsha wembe majini muda wa kupika uji, ananawa kwa sabuni mpaka viwiko, na kitovu hakipaki kitu. Si udongo, si majivu, si masizi. Tangu hapo hajamwona dege.

Kwa hiyo sikuikimbia mikono yako, nimekikimbia kisu chako. Na Mina ana mimba, na hicho kisu kinamngoja. Niue kwa maneno ukitaka, lakini Mina asiguswe nacho. Umepokea watoto wengi na wengi wamekua, najua. Kaa chini uwakumbuke wa siku ya saba peke yao. Usinipe jibu mimi, jipe mwenyewe.

Mtoto tumempa jina siku ile ile ya saba. Hatukumwita Jalala wala Tabu ili kifo kimpite. Anaitwa Mwaija. Usifurahi upesi. Nimempa jina lako ili kila nikimgombeza nikugombeze na wewe.

Ashatu


Bagamoyo, 21 Juni 1953

Ashatu,

Nilikaa kimya wiki saba. Mwanzo nilisema sitakujibu maisha. Halafu mfungo ukaingia, nikaogopa kuandika nilichokuwa nacho moyoni nikaharibu funga yangu. Sasa Idi imepita.

Sikuombi radhi. Nilifanya nilivyofundishwa, na aliyenifundisha alifanya alivyofundishwa, na hakuna kati yetu aliyeshika kisu kile bila kusema bismillahi. Usije ukaniletea mbele za watu sura ya kunihurumia. Nitakutoa uani kama nilivyowatoa wale wengine.

Lakini ulisema nikae chini niwakumbuke, nikakaa. Ni mkeka ule ule nilioukalia siku za matanga yenu. Nilianza na wa mwaka huu nikarudi nyuma, nyumba kwa nyumba, mtaa kwa mtaa. Wanaume kwa wanawake. Wa siku ya saba na ya nane, waliokaza taya. Wamefika kumi na mmoja, Ashatu. Wako wawili wamo. Kumi na mmoja, na wote nilisema dege, na mama zao waliniamini wakanilipa kanga.

Na wa kwanza kati yao ni wangu.

Ulisema sikuzaa. Nilizaa, nikiwa na miaka kumi na saba. Mama yangu ndiye aliyemkata kitovu, kwa kisu hicho hicho, na siku ya nane ndiye aliyemwosha. Mume aliniacha kabla ya arobaini. Alikuwa mvulana, hakupewa jina, na katika mji huu waliobaki wanaokumbuka ni mimi na Mwishehe. Miaka yote hii nimekibeba kisu kile kwa sababu ndicho kitu pekee kilichomgusa mwanangu. Nimekipaka mafuta, nimekifukiza udi. Toba yarabi.

Mina anakuja na lori hili, mimba ina miezi saba. Mumewe ameridhia, hakuridhia, nimemridhisha. Mpokeeni. Bi Mosi amshike. Kisu nimempa Mina ndani ya kitambaa. Kizikeni huko, mbali na kitovu cha wajina wangu, kina kirefu, mahali ambapo jembe halifiki.

Mimi ukunga basi. Anayebisha hodi kwangu namwambia nimezeeka.

Mwambie Majaliwa atengeneze lile paa.

Mwaija


Lugoba, 28 Juni 1953

Kwa Shangazi yangu Bi Mwaija, wajina wa binti yangu,

Shikamoo. Shikamoo ya Majaliwa, ambaye yuko juu ya paa kweli wakati naandika. Shikamoo ya Mina, amefika salama, ametapika kuanzia Msata, na sasa anauliza kama kuna samaki.

Barua yako niliisoma peke yangu chini ya mdimu. Kuhusu mwanao sitaandika mengi. Majaliwa nilimwambia, akaenda bandani, akarudi na kibao kidogo cha mninga alichokilaza siku nyingi kwa kazi ya maana. Anasema ukimwonyesha mahali alipolazwa, atamchongea alama. Anangoja umwambie.

Sasa tugombane kidogo. Ati umezeeka! Anayeandika kurasa tatu za ukali bila kupumzika amezeekea wapi? Wanawake wa mtaa wako watakwenda kwa nani, Shangazi? Watakwenda kwa mkunga mwingine mwenye kisu na udongo kama ulivyokuwa wewe, naye hana Bi Mosi wa kumwambia. Wewe unajua sasa. Ukikaa ndani ukafunga mlango, wa kumi na mbili nitakuhesabia mimi.

Kisu sikukizika. Nilikitoa kitambaani nikampa Bi Mosi, akakitazama sana, akasema ni kazi ya mhunzi hodari. Akakifua kwa sabuni na mchanga mpaka mafuta ya zamani yakatoka meusi. Akakitia sufuriani, mpini na vyote, maji yakachemka muda wa kupika uji, akaongeza muda wa kupika uji mwingine kwa ajili ya mama yako, na mwingine kwa ajili ya bibi yako. Mpini umepasuka, Majaliwa anauchonga mwingine, nimemwambia asiweke nakshi.

Mina atajifungua Agosti, ukikaribia mwisho. Bi Mosi amesema yeye atashika taa na maji, kukata hakati. Mkunga wa Mina anajulikana ni nani. Bwanausi nimemwambia akuweke mbele, na mto mgongoni, na akirusha lori kwenye mashimo utamjua mwenyewe.

Kilipopoa nilichukua uzi nikakijaribu. Shangazi, kimekata. Makali hayakufa.

Ashatu